Tundu la Mtandao Likifa, Kompyuta Haijafa

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa radi ni nini. Mchana joto hupandisha mawingu juu ya nchi kavu, usiku pepo kutoka pande zote za pwani hukutana katikati ya ziwa na kuzaa dhoruba nyingine, na ndiyo maana bonde hili huhesabiwa miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Sisi tunaoshughulika na kompyuta hapa Mwanza tunaitambua misimu ya mvua kwa namna yetu: vuli inapoanza mwezi Oktoba, na tena masika yanapoingia mwezi Machi, huanza kuletwa kompyuta za mezani zinazowaka vizuri, zenye skrini nzima na diski nzima, ila hazipati tena mtandao wa waya.

Jibu ambalo wenye kompyuta hizo huwa wameshapewa kabla ya kufika kwangu ni kwamba ubao mama, yaani bodi kuu inayobeba vipande vya kompyuta, umeungua na hauna budi kubadilishwa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, kwa sababu chipu ya mtandao imebandikwa kwenye ubao mama na kweli imeungua. Lakini kutoka hapo hadi kuuhukumu ubao wote ni kuruka hatua, na ni hatua inayomgharimu mwenye mali. Kompyuta ya mezani ilibuniwa kwa kudhani kwamba siku moja itahitaji kuongezewa kitu, na ndani yake mna sloti, yaani nafasi za kuchomekea kadi, zinazosubiri jambo hilo tangu siku ilipotoka kiwandani. Kadi ya mtandao ya bei ndogo, bisibisi moja na muda usiofika saa nzima vinatosha kuirudisha kazini. Yanayohitaji akili hasa ni yale yanayotangulia na yanayofuata: kuhakikisha kwamba ugonjwa ni huo kweli, kuchagua kadi itakayoingia na itakayokubaliwa na kompyuta, na kuiziba njia iliyopitiwa na radi ili kadi mpya nayo isife mvua zijazo.

Nitaeleza kwa kufuata kazi niliyoifanya kwenye kompyuta ya mjomba wangu, mwenye duka la steshenari. Ni Dell OptiPlex ya umbo dogo, mojawapo ya zile zilizotumika ofisini Ulaya kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa huku kama mitumba, na kwa maoni yangu ni mashine bora kuliko nyingi mpya za bei hiyohiyo. Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, imewekwa ndani ya nyumba, nyuma ya duka. Kutoka hapo kebo inatoka dirishani, inashuka ukutani, inavuka uwanja kwa kufungwa kwenye waya wa kuanikia nguo, kisha inaingia dukani juu ya mlango.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hii mashine fundi amesema ubao umekwisha. Nami nimeshangaa, maana UPS niliinunua mwaka jana tu, na umeme wala haukukatika.”

Mshangao wake ulikuwa wa haki. Watu wengi hudhani kwamba radi huingia kwenye kompyuta kwa njia ya umeme wa ukutani peke yake, hivyo hununua UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme unapokatika, au soketi yenye kinga na kujiona wamemaliza. Njia ya pili, ile kebo ya mtandao inayoning’inia nje, huachwa bila mlinzi. Wala si lazima radi iipige kebo yenyewe. Mkondo wa radi ya kawaida hufikia takriban ampea 30,000, nao hupanda kufikia kilele hicho ndani ya mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni za sekunde moja. Mkondo mkubwa unaobadilika kwa kasi namna hiyo huzusha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi ileile, na waya wowote mrefu ulio karibu hupata volti ndani yake bila kuguswa. Radi inayopiga mti nyumba ya tatu inaweza kuzusha maelfu ya volti kwenye kebo ya uwanjani kwako, na volti hizo hutafuta pa kushukia.

Waliotunga viwango vya Etheneti, yaani mtandao wa waya, hawakulisahau jambo hilo kabisa. Ndani ya kila tundu la mtandao, au pembeni yake kwenye kijisanduku cheusi, mna transfoma ndogo sana zinazotenganisha nyaya za kebo na chipu ya kompyuta; ishara hupita kwa sumaku bila waya kugusana na waya. Kiwango kinadai utenganisho huo uhimili volti 1,500 za mkondo geu kwa dakika nzima. Ni kinga nzuri dhidi ya hitilafu za kawaida za jengo. Kwa radi ya msimu wa vuli, volti 1,500 ni ukuta mfupi, nayo huuruka. Kinachokufa kwanza ni kile kilicho nyuma ya ukuta, yaani chipu ya mtandao, na mara nyingi huishia hapo. Prosesa, kumbukumbu na diski havijui hata kama kuna kilichotokea.

Hata hivyo, sikutoka mbio kwenda kununua kadi. Tundu lisilofanya kazi lina sababu nyingi, na nusu yake hazihitaji kadi yoyote. Nilianza kwa kutazama taa. Karibu kila tundu la mtandao lina taa mbili ndogo, moja inayowaka pale pande mbili zinapotambuana na nyingine inayowaka na kuzima data inapopita. Kwenye kompyuta ya mjomba hapakuwaka kitu. Nikaichomoa kebo ileile na kuichomeka kwenye kompyuta mpakato yangu, ikapata mtandao mara moja. Kipimo hicho kimoja kinaziondoa kebo na ruta katika orodha ya washukiwa, nami hushangaa jinsi mafundi wanavyokiruka ilhali hakigharimu chochote. Kama mpakato nayo ingekataa, ningehamia kwenye ruta na kujaribu tundu lake jingine, kwa sababu radi inayosafiri kwenye kebo huwa na ncha mbili za kutokea, na mara nyingi tundu moja la ruta hufa huku mengine yakibaki mazima.

Kisha nikafungua orodha ya vifaa ya Windows, ile iitwayo Device Manager, na hapa panahitaji utulivu kidogo. Ikiwa kifaa cha mtandao wa waya hakionekani kabisa, hata baada ya kuhakikisha kwamba hakijazimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows, basi chipu haijibu tena na mjadala umekwisha. Ikiwa kinaonekana lakini Windows inasisitiza kwamba kebo haijachomekwa wakati imechomekwa, huenda upande wa chipu unaozungumza na ubao mama ni mzima ila upande unaozungumza na kebo umeungua. Tiba ni ileile. Lakini ikiwa taa zinawaka, kifaa kinaonekana, na anwani ambayo kompyuta imeipata kwenye mtandao inaanza na 169.254, usinunue kitu. Anwani hiyo kompyuta hujipachika yenyewe pale inapoomba anwani kwa ruta na kukosa jibu. Kwa maneno mengine vifaa vinaonana, tatizo liko kwenye mipangilio, au kwenye ruta, au wakati mwingine kwenye kebo yenye waya mmoja uliokatika. Nimeona kadi mpya ikifungwa kwenye kompyuta ya namna hiyo, nayo ikaendelea kupata 169.254 vilevile.

Kwa mjomba kifaa kilikuwa kimetoweka. Kabla ya kwenda dukani nilifungua kava na kuipapasa chipu ya mtandao baada ya kompyuta kuwaka kwa muda, kwa sababu chipu iliyoungua huweza kubaki ikinyonya umeme na kuwa ya moto isiyogusika. Ikifikia hali hiyo, kadi haitibu, maana kidonda kinaendelea kula ubao; hapo ndipo yule fundi wa kwanza angekuwa na hoja. Hii ilikuwa baridi. Ilikufa kwa heshima, bila kuwasumbua majirani.

Wapo watakaouliza kwa nini nisimnunulie mjomba kifaa cha Wi-Fi cha USB tukaachana na nyaya. Swali ni la haki, na kwa mtu anayesoma habari na kutuma barua pepe ningejibu kwamba afanye hivyo. Duka la steshenari ni jambo jingine. Wi-Fi ni hewa moja inayogawanywa na kila simu iliyo ndani ya nyumba, na chombo kimoja kinaposema vingine hunyamaza; kebo ni njia ya kompyuta peke yake, inayopeleka na kupokea kwa wakati mmoja. Mteja anapojaza maombi ya chuo siku ya mwisho, au mtu anapotuma kitabu cha kurasa mia mbili kwenye printa ya mtandao, tofauti hiyo huonekana. Kipo pia kifaa cha USB chenye tundu la kebo, nami huwa nacho kimoja mkobani kwa ajili ya dharura. Lakini tundu la USB 2.0 halivuki megabiti 480 kwa sekunde hata kwenye karatasi, hivyo kifaa kilichoandikwa gigabiti, yaani megabiti 1,000, kikichomekwa humo hakitaifikia. Na kifaa kinachotokeza nje ya kompyuta dukani, palipo na watoto, mifagio na viti vya magurudumu, hakina maisha marefu.

Sasa kadi yenyewe. Sloti za zamani ziliitwa PCI, nyeupe na ndefu, na bado zimo kwenye kompyuta nyingi zinazouzwa kama mitumba. Njia ya PCI ya kawaida hubeba megabaiti 133 kwa sekunde, na hizo hugawanywa na kadi zote zilizo juu yake, kwenda na kurudi. Mtandao wa gigabiti unahitaji megabaiti 125 kwa kila upande, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Ndiyo kusema kadi ya gigabiti kwenye PCI itafanya kazi, ila haitatimiza ahadi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Sloti iliyoirithi, PCI Express, iliyotangazwa mwaka 2003, hutoa megabaiti 250 kwa kila upande kwa njia moja tu katika toleo lake la kwanza, na 500 katika toleo la pili. Kadi ya gigabiti hutumia njia moja, na kwa hiyo ina kisahani kifupi cha dhahabu, cha urefu wa kama sentimeta mbili na nusu.

Ufupi huo huwachanganya watu. Wakifungua kompyuta wakakuta sloti ndefu tu, hudhani kadi yao haina pa kuingia. Inaingia. Kadi fupi ya PCI Express hukubaliwa na sloti ndefu ya PCI Express, nafasi iliyobaki hukaa wazi tu, na wala hakuna kitakachoungua. Kompyuta ya mjomba ilikuwa na sloti ndefu mbili na hakuna fupi hata moja, kama zilivyo baadhi ya OptiPlex za umbo dogo. Kisichowezekana ni kuichomeka kadi ya PCI Express kwenye PCI ya zamani au kinyume chake. Mikato yao imewekwa mahali tofauti kwa makusudi, na anayelazimisha atavunja.

Kikwazo halisi cha kompyuta hizi ndogo ni bamba la chuma, lile linaloishika kadi nyuma ya kasha na kuacha tundu likitokeza nje. Kompyuta za kasha kubwa hutumia bamba la urefu wa kama sentimeta 12. Za umbo dogo hutumia bamba la kama sentimeta 8. Kadi nyingi zinazouzwa huja na mabamba yote mawili ndani ya boksi, refu likiwa limeshafungwa na fupi likiwa ndani ya mfuko. Nyingine huja na refu peke yake. Na zile zinazouzwa bila boksi, zilizofumuliwa kwenye kompyuta nyingine, huja na chochote kile. Ukisahau kulitazama jambo hili utafika nyumbani na kadi nzima, sahihi, inayoingia kwenye sloti vizuri, lakini kava haifungi. Nimeona kadi zikiachwa bila bamba, zikishikiliwa na sloti peke yake. Kila mara kebo inapovutwa kadi huinuka kidogo upande mmoja, na siku moja huinuka wakati kompyuta inawaka.

Kuhusu chipu, nina upendeleo na sioni haya kuusema. Kadi za bei nafuu karibu zote zina chipu ya Realtek ya familia ya RTL8111 au RTL8168, na licha ya kejeli za wataalamu wa seva, kwa kazi ya duka zinatosha kabisa na zinatambuliwa na karibu kila mfumo. Kadi za Intel husifiwa zaidi, na kwa haki, lakini sokoni zimejaa za bandia zenye chipu iliyofutwa maandishi na kuandikwa upya, na mtu asiyejua kuzitofautisha ni afadhali anunue Realtek ya kweli kuliko Intel ya uongo. Muuzaji alinionyesha pia kadi ya gigabiti mbili na nusu. Kasi hiyo iliwekewa kiwango mwaka 2016, kadi zake zimeshuka bei sana, na inatumia kebo zilezile. Nilikataa kwa sababu ruta ya mjomba huishia gigabiti, na kasi ya mtandao huamuliwa na upande ulio dhaifu. Tena kadi hiyo huhitaji megabaiti zaidi ya 312 kwa sekunde kila upande, ambazo sloti ya njia moja ya toleo la kwanza haiwezi kuzipitisha.

Inastahili kukumbukwa tumetoka wapi. Etheneti ilianzia kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, mwaka 1973, katika mikono ya Robert Metcalfe na David Boggs, nayo ilikwenda kwa megabiti 2.94 kwa sekunde juu ya kebo moja nene iliyogawanywa na kompyuta zote. Megabiti 100 zilikuja mwaka 1995, na gigabiti juu ya kebo ya shaba ya kawaida mwaka 1999. Kadi niliyoinunua kwa pesa ambayo haifiki robo ya bei ya ubao mama ina kasi mara 340 ya ile ya Palo Alto.

Ufungaji wenyewe una hatua chache, ila kila hatua ina sababu yake. Kuzima kompyuta hakutoshi. Lazima waya wa umeme uchomolewe, kwa kuwa kompyuta ya mezani iliyozimwa huendelea kupeleka volti tano za kusubiri kwenye ubao mama, na sehemu ya volti hizo hufika hadi kwenye sloti ili kadi iweze kuiamsha kompyuta kupitia mtandao. Baada ya kuchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde chache ili umeme uliobaki kwenye kapasita umalizike. Kisha gusa chuma tupu cha kasha. Watu wa hapa hupuuza umeme tuli kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu, na ni kweli kwamba unyevu husaidia. Lakini Julai na Agosti, hewa inapokauka na mtu amevaa sweta, mwili hubeba volti za kutosha kuua chipu bila yeye kuhisi hata mchomo. Kadi ishikwe kingoni na kwenye bamba, pasipo kugusa kile kisahani cha dhahabu, maana mafuta ya vidole hubaki na kuleta kutu.

Nyuma ya kasha kila sloti huzibwa na kibati. Ondoa kile kinacholingana na sloti uliyoichagua, nacho ukitunze. Ikiwa unazo sloti mbili, iache ile iliyo karibu na prosesa kwa ajili ya kadi ya picha ya siku za usoni. Lenga kisahani juu ya sloti, halafu sukuma kwa vidole gumba viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kwa nguvu sawa. Inahitaji nguvu zaidi ya zile ambazo mtu mwoga huthubutu kutumia. Alama ya kwamba imeingia ni kwamba mstari wa dhahabu hauonekani tena upande wowote. Hitilafu inayonikuta mara nyingi ni ya mtu aliyeingiza kadi vizuri, kisha akakaza skrubu ya bamba kwa nguvu mpaka ncha ya pili ya kadi ikanyanyuka kutoka kwenye sloti kwa upana wa kucha. Kompyuta inawaka, kadi haionekani, na lawama hutupiwa muuzaji. Baada ya kukaza, rudi uangalie mstari wa dhahabu mara nyingine. OptiPlex haina skrubu mahali hapo, ina kibano cha plastiki kinachofungwa kwa kidole, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzipenda.

Kabla ya Windows kuwaka, nilipita kwenye BIOS na kuzima kile kifaa cha mtandao kilichokufa. Si lazima, lakini chipu iliyoungua nusu huweza kujitokeza na kutoweka yenyewe, ikaichelewesha kompyuta kuwaka au ikaichanganya Windows. Nje nikaliziba tundu la zamani kwa utepe wa karatasi wenye gundi na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Bila hivyo, msaidizi wa duka atakapohamisha meza, kebo itarudi kwenye tundu lililozoeleka, nami nitapigiwa simu.

Draiva, ile programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, ni kitendawili cha kazi hii: kadi inahitaji draiva ili ipate mtandao, na draiva ipo mtandaoni. Windows 10 na 11 huwa na draiva za Realtek za kawaida tangu mwanzo, na kwenye Linux programu iitwayo r8169 imo ndani ya kiini cha mfumo, hivyo mara nyingi kadi huamka yenyewe. Isipoamka, usihangaike na sidii iliyomo ndani ya boksi, ambayo kompyuta nyingi za leo hazina hata pa kuitia. Unganisha simu kwa waya wake wa USB na uiruhusu igawe intaneti, pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, kisha chomoa simu. Jihadhari na tovuti zinazojitangaza kuwa ni ghala la draiva zote. Nyingi hukupa draiva pamoja na wageni usiowaalika.

Taa za kadi ziliwaka na mtandao ukapatikana, na hapo mjomba alitaka kurudi kwa wateja wake. Nilimwomba asubiri, kwa kuwa kadi mpya ni mtu mpya machoni pa mtandao. Kila kadi ina anwani yake ya MAC, namba ya utambulisho inayopewa kiwandani, ya biti 48, ambapo nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji. Ruta iliyopangiwa kuipa kompyuta ya duka anwani ileile kila siku huipanga kwa kutazama MAC, na MAC imebadilika, kwa hiyo kompyuta ikapewa anwani nyingine na simu zilizozoea kutuma kazi za kuchapa kwenye anwani ya zamani zikapotea njia. Nikaingia kwenye ruta na kuibadilisha MAC katika orodha. Kama anwani ingekuwa imeandikwa kwa mkono ndani ya Windows, ningekutana na onyo kwamba anwani hiyo tayari ni ya kifaa kingine kilichofichika. Kifaa hicho ni yule marehemu, ambaye Windows bado inamkumbuka. Jambo la mwisho, Windows iliiona kadi mpya kama mtandao mpya na ikauweka katika kundi la mitandao ya umma, ambamo haikubali kushirikisha mafaili wala printa. Nilipoubadilisha kuwa mtandao wa faragha, printa ikaanza kutoa karatasi zilizokuwa zikisubiri.

Nilipotazama kasi, nikakuta megabiti 100 mahali nilipotarajia 1,000. Hapa wengi huishutumu kadi, ilhali siri iko kwenye kebo. Mtandao wa megabiti 100 hutumia nyaya nne kati ya nane, zile zilizounganishwa kwenye pini ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutumia zote nane. Ukikatika waya mmoja wa bluu au wa kahawia, pande mbili huelewana kwa kasi ndogo na kuendelea bila kulalamika, na mwenye mali anaweza kuishi hivyo miaka. Nilipokipima kichwa cha upande wa duka kwa kipima kebo, waya wa kahawia haukupitisha. Nikakikata na kubana kipya kwa mpangilio uliozoeleka: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kwenye ncha iliyokatwa nyaya ziling’aa fedha katikati na shaba pembeni tu, ishara ya alumini iliyopakwa shaba. Kebo za aina hiyo huuzwa rahisi na hukatika zikikunjwa. Juani, zikiwa zimening’inia kwenye waya wa nguo, ndiyo kabisa. Baada ya kichwa kipya kasi ikapanda hadi 1,000, na faili kubwa likahama kutoka mpakato yangu kwa zaidi ya megabaiti 100 kila sekunde.

Ikabaki ile njia ya radi. Mjomba alipendekeza kwamba msaidizi awe anachomoa kebo kila wingu linapotanda, na kwa kweli hakuna kinga ya bei rahisi zaidi, ila dhoruba nyingi za ziwani hufika usiku wakati duka limefungwa. Vipo vijisanduku vya kinga vinavyowekwa kwenye kebo, navyo hufanya kazi kwa kuimwaga volti ya ziada ardhini. Bila waya wa ardhi wa kweli, mfupi na mnene, ni pambo. Duka lile lina soketi za pini tatu, lakini nilipofungua mojawapo, pini ya ardhi haikuwa imeunganishwa na chochote.

Kwa hiyo nilimshauri aiondoe shaba kabisa pale uwanjani na kuweka nyuzi za kioo, yaani fiba. Kioo hakipitishi umeme, hata radi ipige mita moja kando yake. Kunahitajika vigeuzi viwili vidogo vya kubadili ishara za umeme kuwa mwanga na kinyume chake, kimoja nyumbani na kimoja dukani, kila kimoja kikitumia umeme wa jengo lake, na kati yao waya wa fiba uliokwishafungwa vichwa kiwandani ili tusihitaji mashine ya kuunganishia. Faida ya ziada ni kwamba majengo mawili hayashirikiani tena waya wowote wa mtandao, hivyo tofauti ya volti kati ya ardhi ya hapa na ya pale haina pa kupitia. Tahadhari ni moja: waya mwingi wa fiba unaouzwa kwa matumizi ya nje una uzi wa chuma ubavuni wa kuubeba usikatike, na uzi huo ukiingizwa ndani pamoja na fiba utakuwa umeirudisha radi kwa mlango wa nyuma. Ama ununuliwe usio na chuma, ama chuma kikatwe na kuishia nje ukutani. Mjomba amekubali ule usio na chuma, na tumepanga uwekwe kabla ya Oktoba.